Nyumba ya Stauffenberg Baada ya Saa Sita Usiku

Waheshimiwa, wazee wangu, ndugu na wanafunzi mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie maisha na ukoo wa Kanali Claus von Stauffenberg, afisa wa jeshi la Ujerumani aliyetega bomu la kumwua Adolf Hitler tarehe 20 Julai 1944. Huku kwetu, likitajwa jina la afisa wa Kijerumani lenye "von" katikati, mawazo ya wengi huwaendea von Wissmann na von Lettow-Vorbeck, na huyaendea yale waliyoyabeba babu zetu mgongoni, na ni haki yaende huko. Huyu wa leo alizaliwa mwaka 1907, moshi wa Vita vya Maji Maji ukiwa ndio kwanza unatua, lakini habari yake ni ya Ujerumani kwenyewe: ni ya dola iliyowageukia watu wake, na ya nyumba moja iliyoingia katika mdomo wa dola hiyo.

Watu wengi huianza habari hii kwenye mkoba wenye bomu na kuimaliza saa sita usiku, katika ua wa jengo la jeshi mjini Berlin, risasi zinapolia. Kwa maoni yangu, anayeimaliza hapo amesimulia nusu. Mtu yule alikuwa na mke mjamzito, watoto wanne, mama mzazi, kaka wawili, wajomba na mashemeji, na kila mmoja wao aliitwa alipe deni ambalo wengi wao hawakuwa wameshiriki kulikopa. Kwa hiyo nitauanza ukoo, nitampitia mwenyewe, kisha nitakaa kwa kitambo na wale waliobaki.

Jina lake kamili lilikuwa Claus Philipp Maria Schenk Graf von Stauffenberg. Schenk maana yake ni mnyweshaji, yaani mtumishi wa heshima aliyemmiminia mkubwa wake kinywaji mezani. Zamani sana ilikuwa kazi ya kweli, baadaye ikawa heshima ya kurithishana, na mwishowe ikabaki kuwa sehemu ya jina. Graf ni cheo cha kimwinyi. Ni ukoo, basi, uliojifahamu kwa karne nyingi kuwa ni wa watu wanaosimama karibu na kiti cha mtawala, wenye kumtumikia na kuaminiwa naye. Naomba mlishike jambo hilo la kuaminiwa mezani, kwa sababu litarudi.

Baba yake, Alfred, alikuwa msimamizi mkuu wa kasri la mfalme wa mwisho wa Württemberg, mojawapo ya falme zilizokuwa ndani ya Ujerumani, Wilhelm wa Pili, na mama yake, Caroline, wa ukoo wa Üxküll-Gyllenband, alikuwa amemhudumia malkia. Kwa upande wa mama walikuwa wa uzao wa Gneisenau, jemadari aliyelijenga upya jeshi la Prussia wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Baba alikuwa Mkatoliki na mama Mprotestanti. Watoto walilelewa Kikatoliki. Mwezi Machi 1905 walizaliwa pacha wa kiume, Berthold na Alexander, ambao Msukuma angewaita Kulwa na Doto bila kusita. Tarehe 15 Novemba 1907, katika ngome ya Jettingen, Caroline alijifungua pacha tena, Claus na Konrad, lakini Konrad hakufikisha siku ya pili. Claus akakua akiwa kitinda mimba, nyuma ya kaka wawili waliokuwa kama mtu mmoja, huku yeye pacha wake akiwa kaburini.

Waliishi Stuttgart, ndani ya kasri la kale, na siku za likizo walikwenda Lautlingen, kijiji cha milimani ambako ukoo ulikuwa na nyumba kubwa. Novemba 1918, Claus akitimiza miaka 11, ufalme ulianguka, mfalme akaondoka Stuttgart, na kazi ya baba ikafa pamoja na kiti alichokuwa akikihudumia. Familia ilihama kasri. Claus alisoma sekondari mjini humo humo, akajifunza kupiga cello, chombo kile kikubwa cha nyuzi ambacho mpigaji hukiegemeza katikati ya magoti, na kwa muda alifikiria kuwa mwanamuziki au mchoraji wa majengo. Mwaka 1923 yeye na kaka zake walipokewa katika duara la mshairi Stefan George, mzee aliyewafundisha vijana wake kwamba wapo wachache walioitwa kuitumikia nchi kwa roho, na kwamba mtu hukamilika kwa tendo. Walimpenda mwalimu wao hadi mwisho. Alipofariki nchini Uswisi mwezi Desemba 1933, ndugu hao watatu walikuwapo.

Mwaka 1926 Claus alijiunga na Kikosi cha 17 cha wapandafarasi mjini Bamberg. Hapo ndipo alipomkuta Nina von Lerchenfeld, binti wa mwanadiplomasia, aliyezaliwa Kaunas mwaka 1913 wakati mji huo ulipokuwa chini ya Urusi. Walifunga ndoa Bamberg tarehe 26 Septemba 1933, na bwana harusi alisimama kanisani akiwa amevaa sare na kofia ya chuma, akimwambia mchumba wake kwamba harusi nayo ni zamu ya kazi. Nina alikuwa na miaka 20. Alicheka, akaolewa, na kwa miaka 11 iliyofuata akawa mke wa afisa anayehamishwa kutoka kituo hiki hadi kile, akifungasha na kufungua masanduku. Berthold alizaliwa mwaka 1934, Heimeran mwaka 1936, Franz Ludwig mwaka 1938, na Valerie mwaka 1940.

Sasa nifike mahali ambapo msemaji wa haki hapaswi kupaharakisha. Stauffenberg hakuwa mpinzani wa Hitler tangu mwanzo. Mwaka 1933 alikipokea kwa furaha kile alichokiona kuwa ni kuinuka upya kwa taifa lake. Agosti 1934 wanajeshi wote waliapishwa upya, safari hii kumtii Hitler mwenyewe kwa jina, naye aliapa pamoja na wenzake. Mashambulizi ya Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi na masinagogi yao yalimchukiza, lakini aliendelea na kazi. Septemba 1939 aliingia Poland na kikosi chake, na katika barua aliyomwandikia Nina kutoka huko aliwataja wenyeji, Wayahudi wakiwamo, kwa dharau isiyoelezeka kwa lugha ya upole. Barua hiyo ipo na wanahistoria wameichapisha. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta njia ya kuipunguzia makali, na sikuiona. Aliyeiandika ni yule yule aliyebeba bomu miaka mitano baadaye, na sisi tunaomheshimu hatuna ruhusa ya kumkata vipande tukachukua kile kinachopendeza.

Mabadiliko yalikuja alipokuwa katika makao makuu ya jeshi la nchi kavu, idara ya mipango, ambako karatasi zote hupita. Afisa wa idara hiyo alijua ni askari wangapi wamekufa upande wa mashariki na ni wangapi hawawezi kupatikana tena. Alijua pia jinsi mateka wa Kisovyeti walivyoachwa wafe kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Katika mwaka 1942 zilimfikia habari za mauaji ya halaiki ya Wayahudi, zikiletwa na maofisa walioona kwa macho. Kuanzia hapo alisema waziwazi kwa watu aliowaamini kwamba Hitler lazima aondolewe, na alijaribu kuwashawishi majenerali wakubwa. Majenerali walimsikiliza, wakakubali kwamba hali ni mbaya, kisha wakarudi kwenye ramani zao.

Februari 1943 alipelekwa Tunisia, kuwa afisa wa kwanza wa mipango katika Divisheni ya 10 ya vifaru, wakati jeshi la Wajerumani na Waitalia lilipokuwa linabanwa kutoka pande mbili. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili, karibu na Mezzouna, akiwa ndani ya gari akielekeza kikosi kirudi nyuma, ndege za adui zilishuka na kumimina risasi. Alipoteza jicho la kushoto, mkono wa kulia kuanzia kwenye kifundo cha kiganja, na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akabaki na vidole vitatu. Mkono aliokuwa akishikia upinde wa cello haukuwapo tena, na ule wa kubonyeza nyuzi haukutosha.

Alilazwa miezi kadhaa mjini Munich, akakataa dawa za usingizi na za maumivu, akajifunza kuvaa na kufunga vifungo kwa vidole vitatu na meno. Angeweza kustaafu kwa heshima zote; hakuna ambaye angemlaumu kilema wa vita mwenye watoto wanne. Badala yake, vuli ya 1943 alichukua nafasi Berlin, mkuu wa ofisi chini ya Jenerali Friedrich Olbricht, katika jengo la Bendlerstraße, na huko, pamoja na afisa mwenzake Henning von Tresckow, akaanza kuugeuza mpango wa serikali uitwao Walküre. Mpango huo ulikuwa umetungwa ili jeshi la akiba lizime maasi ya ndani. Wao waliupanga upya kimya kimya ili, Hitler akifa, jeshi hilo hilo liwakamate viongozi wa chama cha Hitler, yaani Wanazi, na wa SS, kikosi chenye silaha cha chama hicho. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mnyweshaji alikuwa amerudi mezani, na safari hii kikombe kilikuwa na kitu kingine.

Kwa wiki nyingi tatizo lilikuwa moja tu: nani atamfikia Hitler? Walioweza kumfikia hawakuwa na ujasiri, na wenye ujasiri hawakuwa na mlango. Tarehe 1 Julai 1944 Stauffenberg alipandishwa cheo kuwa kanali na kuwa mkuu wa wafanyakazi wa Jenerali Fromm, kamanda wa jeshi la akiba, na cheo hicho kilimpa mlango. Kwa hiyo kazi mbili zisizowezekana kuunganishwa, kumwua Hitler katika Prussia ya Mashariki na kuongoza mapinduzi Berlin, zikaangukia mabega ya mtu mmoja mwenye vidole vitatu.

Nina alijua mumewe yumo katika njama. Hakujua kwamba Claus mwenyewe ndiye atakayebeba bomu. Walikuwa wamekubaliana kwamba mambo yakiharibika atajifanya mama wa nyumbani asiyejua lolote zaidi ya nepi na mboga. Katikati ya Julai alikuwa amepanga kuwahamisha watoto kutoka Bamberg kwenda Lautlingen kwa likizo. Claus alimpigia simu, akamwomba aahirishe safari siku chache, bila kusema sababu. Nina akajibu kwamba tiketi za treni zimekwisha kununuliwa. Wakaachana hapo. Alisafiri na watoto, naye Claus akabaki Berlin katika nyumba aliyokuwa akiishi na kaka yake Berthold, mwanasheria wa jeshi la majini, ambaye alijua kila kitu.

Asubuhi ya tarehe 20 Julai aliruka kutoka Rangsdorf pamoja na msaidizi wake, Luteni Werner von Haeften, hadi kambi ya Hitler karibu na Rastenburg. Walikuwa na vifurushi viwili vya baruti, kila kimoja karibu kilo moja. Mkutano ulisogezwa mbele hadi saa sita na nusu mchana. Stauffenberg akaomba chumba abadilishe shati kwa sababu ya joto, na humo akaanza kukivunja kichupa cha tindikali cha kiwashio kwa koleo ambalo mipini yake ilikuwa imekunjwa maalumu ili ienee kwenye vidole vyake vitatu. Sajini akabisha hodi akisema anasubiriwa. Alikuwa amewahi kimoja tu, na kifurushi cha pili kikarudi kwa Haeften bila kuwashwa. Nikifikiria dakika zile huwa naiona mikono, ile iliyokuwa ya mpiga cello, ikihangaika na koleo huku mtu yuko mlangoni.

Mkutano ulikuwa katika banda la mbao lenye madirisha yaliyofunguliwa, si katika handaki la zege. Aliuweka mkoba chini ya meza, karibu na Hitler, akatoka kwa kisingizio cha simu. Afisa mmoja, Kanali Brandt, akausogeza mkoba upande wa pili wa mguu mzito wa meza, kwa kuwa ulimzuia kusimama vizuri. Saa sita na dakika 42 bomu lililipuka. Watu wanne walikufa kwa majeraha, Brandt akiwa mmoja wao. Hitler alitoka na suruali iliyochanika, ngozi iliyobabuka na ngoma za masikio zilizopasuka. Stauffenberg, aliyeuona mlipuko kwa mbali, aliondoka akiamini kwamba amemwua, akapita vizuizi vyote vya ulinzi, akarudi Berlin, na hadi usiku alikuwa kwenye simu akiwasukuma makamanda watekeleze Walküre. Redio ilipotangaza kwamba Hitler yu hai, waliokuwa wakisitasita walijua waelekee wapi. Jenerali Fromm, aliyejua zaidi ya alivyotaka ijulikane, aliharakisha kuwanyamazisha mashahidi: baada ya saa sita usiku Olbricht, afisa mwenzao Mertz von Quirnheim, Haeften na Stauffenberg waliteremshwa uani na kupigwa risasi mbele ya taa za magari. Inasimuliwa kwamba Stauffenberg alipaza sauti kuitaja Ujerumani takatifu. Alikuwa na miaka 36. Walizikwa usiku ule katika makaburi ya Schöneberg, na kesho yake SS waliwafukua, wakawachoma, wakayatawanya majivu.

Mara nyingi hapa ndipo wasimulizi hufunga kitabu. Naomba tukifungue.

Lautlingen, tarehe 21 Julai, Nina aliwaita wanawe wawili wakubwa, Berthold wa miaka 10 na Heimeran wa miaka minane. Aliwaambia kwamba baba yao ndiye aliyefanya lile lililotangazwa redioni, na kwamba amepigwa risasi. Watoto hawa walikuwa wanasoma shule za wakati ule, walikuwa wanampenda kiongozi kama walivyofundishwa, nao wakauliza baba aliwezaje. Mama yao akajibu kwamba baba alikosea. Yeye, aliyejua kwamba mumewe hakukosea, ilimbidi aseme hivyo kwa watoto ambao polisi wa siri wangewahoji punde, kwa kuwa mtoto wa miaka minane hawezi kukilinda kitu asichokijua, wala hawezi kukitoa. Nimewasikia watu wakiusifu ujasiri wa kubeba bomu, na ni sawa. Lakini mjane wa miaka 30, mwenye mimba ya miezi mitatu, akiusema uongo huo mbele ya macho ya wanawe siku ya kwanza ya ujane wake, sijui tuupe ujasiri huo jina gani.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai polisi wa siri, yaani Gestapo, walimchukua. Walimchukua pia Caroline, mama mkwe wake, na mjomba wa Claus, Nikolaus von Üxküll-Gyllenband, aliyenyongwa mwezi Septemba. Berthold, kaka wa Claus, alinyongwa katika gereza la Plötzensee tarehe 10 Agosti. Alexander, profesa wa historia ya kale aliyekuwa na jeshi Ugiriki na ambaye hakuambiwa chochote kuhusu njama, alikamatwa kwa sababu moja tu, nayo ni jina.

Tarehe 3 Agosti 1944 Heinrich Himmler, mkuu wa SS, aliwaambia viongozi wa chama waliokusanyika Posen kwamba ukoo wa Stauffenberg utafutwa hadi kiungo chake cha mwisho. Aliita hiyo ni desturi ya mababu wa Kijerumani, na mtindo huo ukajulikana kama Sippenhaft, adhabu ya ukoo. Sisi tuna usemi unaojulikana kila mtaa, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, nao hutamkwa kirahisi, mara nyingi kwa mzaha. Huko Ujerumani mwaka 1944 maneno ya namna hiyo yaligeuzwa kuwa utaratibu wa serikali, wenye orodha, mafaili, magari ya kusafirishia na watunza watoto.

Katikati ya Agosti watoto walipelekwa Bad Sachsa, katika milima ya Harz, kwenye nyumba za watoto zilizokuwa msituni. Jumla ya watoto 46 wa washukiwa mbalimbali walipitia hapo. Watoto wanne wa Claus walitenganishwa kwa umri, kila mmoja nyumba yake, pamoja na binamu zao wawili, watoto wa Berthold. Waliambiwa kwamba jina lao sasa ni Meister. Hawakupigwa wala hawakushinda njaa, na walezi wengine walikuwa watu wema. Walichonyang'anywa ni taarifa: hawakuambiwa mama yuko wapi, kama yu hai, wala wao wenyewe watafanywa nini. Valerie alikuwa hajatimiza miaka minne, umri ambao mtoto akiitwa kwa jina jipya kwa muda wa kutosha huitika.

Wakati huo mama yao alikuwa Ravensbrück, katika kambi ya wanawake, akiwa amefungwa peke yake katika seli. Alihesabu siku, akatunga muziki kichwani, akajifanyisha mazoezi kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Mama yake mzazi, Anna, aliyekamatwa kwa kuwa ni mama mkwe wa Claus tu, alifia kambini upande wa mashariki mwaka 1945 bila bintiye kumwona tena. Ilipofika Januari 1945, Nina alihamishiwa Frankfurt an der Oder, mji wa mpakani upande wa mashariki, na tarehe 27 Januari akajifungua msichana, Konstanze. Ndiyo siku ile ile jeshi la Kisovyeti lilipoingia katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Jeshi hilo lilikuwa linakaribia na Frankfurt pia, mama na kichanga wakapakiwa kwenye treni ya hospitali katika baridi kali, wote wawili wakaugua, wakalazwa Potsdam.

Hapa nimtaje mtu mmoja ambaye nchini kwake amekumbukwa kwa kuchelewa. Melitta, mke wa Alexander, alikuwa mhandisi na rubani wa majaribio, mwanamke aliyekuwa amezishusha ndege za mabomu wima kutoka angani zaidi ya mara 2,000 ili kuvipima vifaa vyake. Baba yake alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na kwa sheria za wakati ule hilo peke yake lilikuwa hatari ya kila siku. Naye alikamatwa baada ya 20 Julai, lakini wizara ya anga ilimhitaji, akaachiwa baada ya wiki sita. Uhuru huo aliutumia kwa ajili ya shemeji na wakwe. Alimtafuta Nina, akampelekea chakula na habari. Krismasi ya 1944 alikwenda Bad Sachsa kuwaona watoto. Na mumewe alipohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, alimfuata kwa ndege ndogo. Tarehe 8 Aprili 1945, mwezi mmoja kabla ya vita kwisha, alitunguliwa na ndege ya Kimarekani karibu na Straubing akiwa angani, akimtafuta Alexander. Alitua, lakini alikufa kwa majeraha siku hiyo hiyo.

Siku chache kabla ya hapo, watoto waliobaki Bad Sachsa walikuwa wamepakiwa kwenye lori wapelekwe kambi ya wafungwa ya Buchenwald, kupitia stesheni ya Nordhausen. Walipokaribia mji, mabomu yalianza kuanguka na stesheni ikateketea, lori likageuza. Wamarekani waliwakuta Bad Sachsa katikati ya Aprili. Mwezi Juni alifika bibi mmoja mwenye umri mkubwa, Alexandrine von Üxküll-Gyllenband, dada wa Caroline na muuguzi mkuu wa Msalaba Mwekundu, aliyekuwa ametafuta gari na vibali katika nchi isiyokuwa na serikali, akawachukua watoto wote sita na kuwarudisha Lautlingen kwa bibi yao.

Nina naye alikuwa njiani. Mwezi Aprili askari polisi wa jeshi aliamriwa amsafirishe kusini, yeye na kichanga. Walitembea, wakapanda treni zilizosimama kila mara, na karibu na Hof, Wamarekani wakiwa jirani, yule askari alitaka kuondoka lakini aliogopa kushtakiwa kwa kuacha zamu. Nina akachukua karatasi akamwandikia cheti kwamba ametimiza wajibu wake hadi hapo. Askari akakishika cheti, akaenda zake. Mfungwa alimpa ruhusa mlinzi wake. Kiangazi hicho alifika Lautlingen, na watoto wanne wakamwona kwa mara ya kwanza dada yao, ambaye hawakuwa na uhakika hata kama yupo.

Miaka iliyofuata haikuwa ya shangwe. Kwa Wajerumani wengi, Stauffenberg alibaki kuwa msaliti aliyevunja kiapo. Meja Otto Ernst Remer, ambaye kikosi chake kilisaidia kuyazima mapinduzi mjini Berlin, alizunguka baada ya vita akiwatukana wafu hao hadharani, hata mwaka 1952 mwendesha mashtaka Fritz Bauer alipomfikisha mahakamani Braunschweig na mahakama ikamhukumu, ikikiri kwamba dola ya Hitler haikuwa dola ya haki. Kwa mjane na watoto waliokuwa wakitazamwa kwa pembe ya jicho dukani na shuleni, hukumu hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko sanamu yoyote. Mwaka 1955 Bendlerstraße ikapewa jina la Stauffenberg. Nilipata kusimama katika ua ule. Ni mdogo kuliko ulivyo akilini, umezungukwa na madirisha ya ofisi, na katikati yake ipo sanamu ya shaba ya kijana aliyefungwa mikono.

Nina alihamia Bamberg na kuishi huko miaka mingi, akifanya kazi ya kuwapatanisha Wajerumani na askari wa Kimarekani waliokuwa na kambi mjini, akipigania majengo ya kale yasibomolewe. Hakuolewa tena. Valerie, yule aliyekuwa Meister akiwa na miaka mitatu, alifariki mwaka 1966 kwa saratani ya damu. Franz Ludwig alikuwa mbunge wa bunge la Ujerumani na wa Bunge la Ulaya. Konstanze aliandika kitabu cha maisha ya mama yake. Na Berthold, kifungua mimba, mwaka 1956 alijiunga na jeshi jipya la Ujerumani Magharibi, akijua kwamba kila kamanda atakayemsimamia atakuwa na maoni kuhusu baba yake. Alistaafu akiwa meja jenerali.

Nina alifariki tarehe 2 Aprili 2006, mwenye miaka 92, huko Kirchlauter, karibu na mji alioolewa. Alikuwa amekaa na mumewe miaka 11, na bila yeye miaka karibu 62, na katika miaka hiyo yote hakuwa na kaburi la mumewe la kwenda kulifagia.